Ndege wa Baharini Aliyedhaniwa Amekwisha

Watu wa pwani wajua tangu zamani kwamba ndege wa baharini wana habari za kutupa. Mvuvi akiona kundi la ndege likizunguka na kujitupa majini, hugeuza ngalawa yake mara moja, maana ajua kwamba chini ya ndege hao wamo samaki wadogo, na chini ya wadogo wamo wakubwa. Nahodha atokaye safari ya mbali huwaona ndege wa pwani kabla ya kuiona minazi, akajua kwamba nchi kavu i karibu. Lakini kumwona ndege si kumtambua. Tukimwuliza mvuvi yule, "Ndege hawa ni wa namna gani, nao huzalia wapi?" pengine atatujibu kwamba ni ndege wa bahari tu, basi. Wala hana kosa. Hata wanazuoni wa Ulaya, wenye vitabu vingi na nyumba kubwa za makumbusho, walikaa zaidi ya miaka mia bila kumtambua ndege mmoja aliyekuwa akiruka karibu na mji mkubwa.

Leo twapenda kueleza habari za ndege huyo, jinsi alivyojulikana kwa ngozi tatu tu, jinsi alivyohesabiwa kuwa amekwisha duniani, na jinsi alivyoonekana tena na watu waliokuwa katika mashua, ambao hawakuwa na silaha ila darubini, kamera na subira.

Habari hizi ni za nchi ya Nyuzilandi, nayo ni visiwa viwili vikubwa na vidogo vingi katika Bahari ya Pasifiki, mbali upande wa kusini-mashariki ya Australia. Wenyeji wake wa kwanza ni Wamaori, ambao wazee wao walifika kwa mitumbwi mikubwa kutoka visiwa vilivyo kaskazini. Baadaye Wazungu, wengi wao Waingereza, walihamia huko. Katika kisiwa cha kaskazini uko mji wa Auckland, wenye watu zaidi ya milioni moja, na karibu na mji huo iko ghuba kubwa iitwayo Hauraki. Ghuba hiyo haikosi vyombo: mashua za wavuvi, vyombo vya tanga vya watu wanaojifurahisha, na meli za shehena. Mtu angedhani kwamba katika maji kama hayo hapana kiumbe kiwezacho kufichika.

Jamaa ya ndege tutakaowataja huitwa petreli. Wamo wakubwa na wadogo, na wote wana alama moja, yaani mirija midogo ya pua juu ya mdomo. Kwa pua hizo hunusa chakula toka mbali juu ya maji, jambo ambalo ndege wengi hawaliwezi. Wadogo kupita wote ni wale ambao mabaharia waliwaita petreli wa tufani, kwa kuwa waliwaona zaidi wakati wa upepo mkali, wakasadiki kwamba hao ndio waletao tufani. Mwili wao haupiti sana mwili wa shomoro, lakini hukaa bahari kuu miezi na miezi, mchana na usiku, bila kukanyaga nchi. Wakitafuta chakula huruka chini kabisa, wakining'iniza miguu na kugusagusa maji, kana kwamba watembea juu yake. Wengi husema kwamba jina lao limetoka katika jina la Mtume Petro, ambaye Injili yasimulia kwamba alitembea juu ya maji.

Nchi kavu hawaiendei ila kwa ajili ya kuzaa. Petreli wa tufani huingia katika tundu la ardhi au mwanya wa jiwe, hutaga yai moja tu, na katika visiwa vingi hufika na kuondoka usiku, wasije wakaonwa na adui zao. Basi kiumbe ambaye mchana yuko mbali baharini, na usiku yuko shimoni, ni vigumu sana kujulikana habari zake.

Katika siku za kale njia ya kumjua ndege wa baharini ilikuwa bunduki. Mwaka wa 1768 merikebu iitwayo Endeavour ilitoka Uingereza chini ya Kapteni James Cook, na ndani yake walikuwamo wataalamu wawili wa viumbe, Joseph Banks na Daniel Solander, pamoja na mchoraji, Sydney Parkinson. Bahari ilipotulia, Banks alishuka katika mashua ndogo, akaenda mbali kidogo na merikebu, akapiga ndege. Solander aliandika sifa zao, na Parkinson alichora baadhi yao. Mwezi wa Oktoba 1769 walifika Nyuzilandi, na mwezi uliofuata walipita mbele ya ghuba ile tuliyoitaja. Huko Cook alikiona kisiwa chenye mlima, akakipa jina la Kiingereza, Little Barrier, maana yake Kizuizi Kidogo, kwa kuwa kilikaa kama boma mlangoni mwa ghuba. Wamaori walikuwa wamekwisha kukipa jina lao, Hauturu, ambalo hufasiriwa kuwa mahali pa kupumzikia upepo. Twaomba msomaji alikumbuke jina hili, maana mwisho wa habari zetu u katika kisiwa hicho.

Kazi ya akina Banks ilikuwa kubwa, lakini maandishi ya Solander juu ya ndege wale hayakupigwa chapa maisha yake yote. Hapo twaona jambo la kwanza la kujifunza: habari iliyoonwa na kuandikwa, isipowafikia watu, hukaa kama haikuonwa kamwe.

Tena njia ya bunduki ilikuwa na kasoro zake. Ndege aliyepigwa alichunwa, ngozi yake ikatiwa dawa na kujazwa pamba, ikafungiwa karatasi ndogo yenye kueleza jina, siku na mahali. Baada ya safari ya miaka miwili au mitatu, rangi ya miguu ilikuwa imefifia, na karatasi pengine imechanika au imechanganyika na nyingine. Mtaalamu wa Ulaya aliyeipokea ngozi hiyo hakuona ndege alivyoruka, wala alivyogusa maji, wala alifuatana na ndege gani. Aliona ngozi tu juu ya meza.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ndege wetu. Katika karne ya 19 ngozi tatu za petreli mdogo zilipelekwa Ulaya kutoka bahari ya Nyuzilandi. Mbili zikawekwa katika makumbusho ya Paris, Ufaransa, na moja ikawa Uingereza. Ndege huyo alikuwa na rangi nyeusi ya kahawia juu, na alama nyeupe mgongoni karibu na mkia. Tumbo lake lilikuwa jeupe, nalo lilikuwa na michirizi myeusi, kana kwamba mtu amechovya kalamu katika wino akaikokota chini. Baada ya hizo tatu, haikuja ya nne.

Mwaka wa 1932 mtaalamu mmoja wa Australia, Gregory Mathews, aliandika kwamba ndege huyu ni wa namna ya peke yake, akampa jina la kitaalamu lenye neno maoriana, kwa ajili ya Wamaori. Lakini Mathews alikuwa mtu wa kutoa majina mengi. Akiona tofauti kidogo katika manyoya, alimfanya ndege kuwa namna mpya, hata wenzake wakamlaumu. Kwa hiyo wengi hawakusadiki neno lake. Walinena kwamba ngozi zile tatu huenda zikawa za petreli ajulikanaye, ila tu rangi yake haikuwa ya kawaida. Wengine walikubali kwamba ni namna ya peke yake, lakini wakasema amekwisha, maana paka na panya walioletwa na watu wamemmaliza. Hivyo shauri likakatwa bila mtu kwenda baharini kutazama: ama hakuwako tangu mwanzo, ama alikuwako naye amekufa wote.

Wakati huohuo desturi ya kuwachunguza ndege wa baharini ilikuwa ikigeuka. Darubini za mkono zilikuwa zimekuwa nzuri, na meli za moshi zilivuka bahari kwa siku zilizojulikana. Mwaka wa 1928 W. B. Alexander alitoa kitabu cha ndege wa bahari zote za dunia, nacho hakikuandikwa kwa ajili ya wenye makumbusho tu, bali kwa ajili ya msafiri wa kawaida asimamaye kando ya meli akitazama. Mwaka wa 1933 mtaalamu mwingine, V. C. Wynne-Edwards, alivuka Bahari ya Atlantiki mara nane katika meli ya abiria, akiwahesabu ndege siku kwa siku. Aliona kwamba bahari ina mitaa yake kama nchi kavu: wako ndege wasioiacha pwani, wako wakaao maji ya kati, na wako wa bahari kuu ambao hawajali pwani kabisa ila wakati wa kuzaa. Elimu hiyo hakuipata kwa bunduki. Aliipata kwa kutazama, kuhesabu na kuandika.

Miaka ilivyoendelea, watu wapendao ndege walianza kukodi mashua ili kwenda mbali na pwani kwa siku moja, kutazama na kurudi. Huchukua ndoo za matumbo na mafuta ya samaki. Wakifika penye maji ya kina husimamisha chombo na kumwaga kidogo kidogo, hata utando wa mafuta utandazwe juu ya bahari. Petreli huinusa harufu hiyo toka mbali, wakaja wakiukabili upepo. Mahali ambapo mwanzo hapakuonekana hata ndege mmoja, baada ya nusu saa huenda wakawapo makumi.

Lakini hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mashua hupanda na kushuka kwa mawimbi. Ndege mdogo mweusi huonekana juu ya wimbi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha huzama nyuma ya wimbi jingine. Mtazamaji hana nafasi ya kufungua kitabu. Yampasa ajue kabla ya safari ni mambo gani ya kuyatafuta, na kwa utaratibu gani. Kwanza atazame ukubwa, akimlinganisha na ndege mwingine amjuaye. Pili atazame namna ya kuruka: je, hupiga mabawa upesi, au hunyosha mabawa akaelea juu ya upepo, au huruka kwa miguu juu ya maji? Tatu atazame rangi katika mahali maalumu, yaani mgongo wa chini, tumbo, na chini ya mabawa. Nne atazame miguu, kama yapita mwisho wa mkia au sivyo. Rangi peke yake hudanganya, kwa sababu jua likiwa nyuma ya ndege, hata mweupe huonekana mweusi.

Katika maji ya Ghuba ya Hauraki petreli wa tufani aliye wengi ni yule mwenye uso mweupe. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo jeupe safi, na penye jicho ana doa jeusi. Wako na wengine wapitao, na mmoja wao ni petreli aitwaye wa Wilson, mweusi mwili wote isipokuwa alama nyeupe karibu na mkia, naye ana utando wa manjano kati ya vidole vya miguu. Huyu wa Wilson huzalia katika nchi za barafu za kusini, kisha hutawanyika katika bahari za dunia, hata hupita Bahari ya Hindi mbele ya pwani yetu. Basi mtu akiona ndege mweusi mwenye alama nyeupe karibu na mkia, ni rahisi kusema, "Ni wa Wilson," akafunga daftari. Yamkini watu walimwona ndege wetu mara nyingi katika miaka ile yote, wakampa jina la ndugu yake.

Tarehe 25 Januari 2003, watu waliokwenda kwa mashua kutazama ndege karibu na visiwa viitwavyo Mercury, upande wa mashariki wa ghuba ile, waliona petreli mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe. Miongoni mwao walikuwamo Brent Stephenson na Sav Saville, wenye ujuzi mwingi wa ndege wa nchi hiyo. Walimpiga picha. Baadaye walipozitazama vizuri, waliona tumboni michirizi myeusi, ambayo petreli wa Wilson hana. Wakazilinganisha na habari za ngozi zile tatu, nao wakathubutu kuandika kwamba huenda ndege aliyehesabiwa kuwa amekwisha yungali hai. Hawakusema "ndiye", walisema "huenda". Maana walijua kwamba picha za ndege mmoja, aliyepita mara moja, zaweza kubishaniwa.

Ubishi huo haukudumu mwaka. Tarehe 17 Novemba 2003 Waingereza wawili, Bob Flood na Bryan Thomas, walikwenda kwa mashua mpaka maji ya kaskazini ya kisiwa kile cha Hauturu, wakamwaga chakula cha ndege majini. Walitokea petreli wenye michirizi tumboni, wala si mmoja, bali kundi. Waliwapiga picha nyingi, hata picha za sinema. Ndege mmoja mwenye rangi ya ajabu aweza kuwa kilema. Lakini kundi zima lenye alama zilezile si kilema, ni ukoo. Tangu siku hiyo watu waliokwenda katika maji hayo kwa utaratibu uleule walianza kuwaona mara kwa mara. Ndege hakuwa amerudi kutoka ahera. Macho ya watu ndiyo yaliyofunguka.

Hata hivyo wanazuoni walitaka uthibitisho zaidi, na kwa haki. Mwaka wa 2005 ndege mmoja aliruka usiku akaingia mwenyewe katika mashua iliyokuwa karibu na Hauturu, akashikwa, akapimwa. Wengine walinaswa baharini kwa namna ya bunduki isiyotupa risasi, bali hutupa wavu mwepesi. Tazama jinsi bunduki yenyewe ilivyogeuzwa: ile ya Banks iliua ili ijue, na hii hukamata, ikajua, ikaacha. Katika damu na manyoya ya kila kiumbe zimo alama za urithi wake, ambazo wataalamu wa siku hizi waweza kuzisoma. Alama za ndege walio hai zililinganishwa na zile zilizopatikana katika ngozi za kale za makumbusho, na mwaka wa 2011 majibu yalitangazwa. Ndege ni yuleyule, naye ni wa namna ya peke yake. Mathews, aliyelaumiwa kwa wingi wa majina yake, katika jina hili alikuwa amesema kweli, miaka 79 mapema.

Likabaki swali moja, nalo ndilo zito kupita yote: ndege hawa huzalia wapi? Asiyejua mahali pa kuzalia hawezi kuwalinda. Panya wachache wakifika katika kisiwa chao, huweza kumaliza mayai yote na makinda yote bila mtu kujua kwamba limetokea jambo. Mwaka wa 2012 ndege walionaswa baharini walionekana kuwa na kipara tumboni, mahali ambapo manyoya hutoka ili yai lipate joto la mwili. Basi ilijulikana kwamba wakati huo walikuwa wakiatamia, na kisiwa chao hakikuwa mbali. Mapema mwaka wa 2013 wataalamu waliwanasa ndege 24, wakawafungia mitambo ya redio midogo sana, ambayo uzito wake ni kama gramu moja, maana ndege mwenyewe uzito wake ni gramu 35 tu. Redio hizo hazisemi maneno. Hutoa mlio mmoja tu, na mwenye chombo cha kupokea huweza kufuata upande utokao. Wakaketi visiwani usiku wakisikiliza. Mlio ukasikika Hauturu. Wakaufuata gizani ndani ya msitu, na mwezi wa Februari wakaona tundu, na ndani ya tundu ndege, na chini ya ndege yai moja jeupe.

Tungeweza kuishia hapo, lakini kisiwa chenyewe kina historia ambayo yapasa ijulikane, maana bila hiyo yai lile lisingalikuwapo.

Hauturu ilikuwa makao ya Wamaori. Mwaka wa 1894 serikali ya Nyuzilandi ilikitwaa kisiwa hicho ili kiwe hifadhi ya ndege, na mwaka wa 1896 wenyeji waliokuwa wamebaki waliondolewa kwa nguvu. Dhuluma hiyo haikusahauliwa. Zaidi ya miaka mia baadaye, katika mapatano ya mwaka wa 2012 baina ya serikali na kabila la Ngāti Manuhiri, kisiwa kilirudishwa kwa kabila hilo, nalo likatoa sehemu yake kubwa iwe zawadi kwa watu wote wa nchi, ndege wapate kukaa salama. Basi anayesifu hifadhi ya Hauturu yampasa awakumbuke na hao walioipoteza wakaitoa tena.

Lakini kukiita kisiwa hifadhi hakuwazuii adui wasioweza kusoma. Paka walikuwako, nao walikula ndege wengi. Panya walikuwako pia, wa jamaa ndogo iliyofika na mitumbwi ya zamani. Paka waliwindwa kwa miaka kadhaa, na mwaka wa 1980 kisiwa kilikuwa hakina paka tena. Watu walifurahi, lakini furaha yao ilikuwa na kasoro. Kulikuwako petreli mwingine kisiwani, aitwaye wa Cook, ambaye hesabu ya makinda yake iliandikwa mwaka hata mwaka. Baada ya paka kuondoka, makinda ya petreli huyo yalikufa zaidi kuliko zamani. Kwa nini? Kwa sababu paka hawakula ndege tu, walikula na panya. Panya walipokosa wa kuwatisha, waliongezeka, wakayashambulia mayai na makinda.

Twaona, basi, jinsi mambo ya viumbe yalivyofungamana. Mwenye shamba amwuaye kila nyoka hustaajabu mwaka wa pili akiona ghala imejaa panya. Na ndivyo ilivyokuwa huko. Mwaka wa 2004 chambo cha sumu kilimwagwa kisiwa kizima kwa helikopta, na panya wakaisha. Tangu hapo makinda ya petreli wa Cook yaliyofaulu kukua yakawa mengi kupita kiasi cha kwanza. Matokeo haya yalitangazwa na wataalamu mwaka wa 2007. Kwa ndege wetu mwenye michirizi hapakuwa na hesabu ya zamani, maana hapakuwa na ajuaye kwamba yupo. Lakini ni dhahiri kwamba kazi iliyofanywa kwa ajili ya ndege wanaojulikana ilimfaa na yule asiyejulikana. Watu walimlinda bila kujua kwamba wanamlinda.

Huenda msomaji akauliza, "Mambo ya Nyuzilandi yatuhusu nini sisi wa huku?" Yatuhusu, maana bahari yetu nayo ina siri zake. Katika Bahari ya Arabu, ambako majahazi yalipita tangu kale kwa pepo za kaskazi na kusi, yuko petreli mweusi ambaye wanazuoni hawakumpa jina mpaka mwaka wa 1955. Jina lake ni la Mfaransa aliyemtambua, Jouanin. Mahali anapozalia palijulikana zaidi ya miaka arobaini baadaye, katika majabali ya kisiwa cha Sokotra. Ni mabaharia wangapi walipita chini ya majabali yale, na ndege wale wakipita juu ya matanga yao! Tena karibu nasi zaidi, baharini mashariki ya Dar es Salaam, kiko kisiwa kidogo kisicho na watu kiitwacho Fungu Kizimkazi, ambacho katika ramani nyingi chaitwa Latham. Wavuvi wakijua vema, maana ndege wa baharini huzalia humo kwa wingi sana. Kisiwa cha namna hiyo ni kama ghala. Ghala ikilindwa hulisha wengi. Panya wakiingia, hakuna libakilo.

Wala kazi ya kutambua si ya watu wa mbali peke yao. Mvuvi anayekwenda baharini kila siku huona mambo ambayo mtaalamu aliyekodi mashua kwa siku moja hawezi kuyaona kwa mwaka mzima. Yahitajiwa tu ayaandike, au amwambie mwanawe aliye shuleni ayaandike. Daftari dogo lafaa, na kalamu ya risasi, kwa sababu wino hutoweka ukipata maji. Na aandike siku, mahali, upepo, hesabu ya ndege, ukubwa wao akiwalinganisha na shakwe au kunguru, namna ya kuruka, na rangi ya mgongo, tumbo na miguu. Aandike palepale chomboni, si jioni akiwa nyumbani, maana kumbukumbu hupenda kumaliza palipopunguka. Na asipojua jina la ndege, asibuni. Aandike "simjui", kisha aeleze aliyoyaona. Neno hilo halina aibu. Ndege wa Hauturu alifichwa miaka mingi na watu waliodhani kwamba wamjua, akafichuliwa na watu waliokubali kwamba hawajamjua bado, nao wakatazama mara ya pili.